Kuanika, Kulimbika na Kuanua: Msamiati wa Majani ya Chai Yanayongoja Kiwandani Kericho

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja katika utengenezaji wa chai, nalo ni namna majani mabichi yanavyowekwa kwa muda ndani ya mtambo wa kiwanda kabla ya kupondwa. Jambo hilo linachunguzwa kwa jicho la lugha. Swali linaloulizwa ni hili: Je, Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kutofautisha kitu kilichowekwa kikakaa tu, kitu kinachongoja zamu yake, na kitu ambacho kule kungoja kwenyewe ndiko kunakokitengeneza? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kinayo, ila hayapatikani mahali ambapo watunga istilahi wamezoea kuyatafuta. Hayamo katika msamiati wa ghala na bohari. Yamo katika msamiati wa nyumbani na shambani, wa watu wanaoanika nafaka, wanaovundika ndizi na wanaolimbika maji kisimani.

Eneo lililochaguliwa kwa mfano ni Kericho pamoja na Bomet. Chai ya kwanza nchini Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, lakini ni katika miaka ya 1920 ambapo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilifungua mashamba makubwa Kericho. Baada ya uhuru, mwaka 1964, iliundwa mamlaka ya kuwasimamia wakulima wadogo wa chai, ijulikanayo kwa herufi KTDA, ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni. Viwanda vya wakulima hao vimetapakaa katika eneo hili: Litein, Momul na Tegat upande wa Kericho, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek upande wa Bomet. Ndani ya viwanda na mashamba haya hukutana wasemaji wa Kipsigis, Kigusii, Kidholuo na lugha za Waluhya, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Maelezo ya mashine, hata hivyo, aghalabu huja kwa Kiingereza. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza ya kazi, mfanyakazi hupokea dhana za kiwanda kwa njia ya tafsiri ya papo kwa papo, na ubora wa tafsiri hiyo huonekana katika chai yenyewe.

2. Safari ya jani

Jani la chai linapochumwa, au kuchunwa kama wasemavyo watu wengi wa bara nchini Kenya, huwa limejaa maji. Katika kila kilo mia za majani mabichi, yapata kilo themanini ni maji. Jani la namna hiyo ni gumu kwa ukakamavu wake: likikunjwa huvunjika, na bua lake hukatika kwa mlio. Likitiwa mashineni katika hali hiyo halikunjiki vizuri, na maji yake hutoka ovyo. Sharti kwanza lilegee, liwe kitu bapa kinachonyumbuka kama kipande cha nguo. Kulilegeza huko ndiko kunyausha.

Mifuko ya majani ifikapo kiwandani hupimwa, kisha katika viwanda vingi hutundikwa kwenye kulabu za reli iliyofungwa juu, chini ya paa. Reli hiyo huizungusha mifuko polepole hadi mahali pa kunyaushia. Huko majani humwagwa na kutandazwa juu ya wavu wa waya uliowekwa katika sanduku refu lililo wazi juu. Feni iliyo upande mmoja wa sanduku husukuma hewa chini ya wavu, nayo hewa hupanda ikipenya katikati ya majani. Majani hukaa hapo kwa saa kumi na mbili hadi kumi na nane, kutegemea hali ya hewa na wingi wa majani. Yakiisha kunyauka huondolewa, yakapelekwa tena kwa reli au mkanda hadi kwenye mashine za kuponda, kurarua na kukunja, zijulikanazo kwa herufi CTC, ambazo chimbuko lake ni Assam, Uhindi, mwaka 1930. Kutoka hapo chai iliyopondwa hupita juu ya mkanda wa polepole huku ikibadilika rangi kutoka kijani hadi shaba, kisha huingia katika kikaushio, huchambuliwa kwa nyungo za mashine kulingana na ukubwa wa chembe, hutiwa katika magunia ya karatasi, na mwisho husafirishwa, nyingi ikielekea mnada wa Mombasa.

Hesabu ya maji yafaa kutajwa kwa sababu itasaidia uchambuzi wa maneno baadaye. Kilo mia za majani zenye maji asilimia 80 zina kilo ishirini tu za kitu kikavu. Yakinyaushwa hadi maji yawe asilimia 70, uzito wote hushuka kufikia kama kilo 67. Yaani kilo 33 za maji zimeondoka yakiwa yamelala tu, hayajaguswa na mashine yoyote isipokuwa feni.

3. Kwa nini majani hungojeshwa

Kiwanda kina mahitaji mawili yanayopingana. Majani huchumwa mchana na kufika kwa mafungu yasiyolingana, kuanzia adhuhuri hadi usiku. Barabara ikiteleza kwa mvua, magari huchelewa, kisha huja kwa pamoja. Mashine za kuponda, kwa upande wao, zinataka kulishwa sawasawa, saa baada ya saa, maana zikikosa majani huzunguka bure, na zikilishwa kupita kiasi huziba. Kati ya ufikaji usiolingana na ulishaji ulio sawa hapana budi pawepo mahali pa kusubiri. Wahandisi wa mitambo ya kuchukulia vitu hulijua hitaji hili katika kila kiwanda, chochote kitengenezwacho.

Tatizo la chai ni kwamba jani lililochumwa bado li hai. Huendelea kupumua, hutumia sukari yake, na hutoa joto. Likirundikwa, joto hilo hukosa pa kutokea, na rundo hujipika lenyewe. Majani ya katikati huwa mekundu kabla ya wakati, na chai itokayo humo huwa hafifu. Wenye lugha husema, akiba haiozi. Methali hii ni kweli kwa mahindi na kwa fedha, lakini kwa majani mabichi ya chai si kweli hata kidogo: hii ni akiba iozayo, tena kwa saa chache. Ndiyo maana neno akiba, ambalo lingeweza kuonekana kuwa jepesi kutumiwa kwa majani yanayosubiri, halifai hapa.

Mfano wa tarakimu utaonyesha uzito wa jambo hili. Iwapo sanduku moja la kunyaushia lina upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 25, eneo lake ni mita za mraba 45. Likipakiwa kilo 30 kwa kila mita ya mraba, kiasi ambacho hewa hupenya bila taabu, litabeba kilo 1,350. Kiwanda chenye masanduku arobaini ya namna hiyo kitamudu kilo 54,000 kwa mara moja. Sasa, katika msimu wa mvua, majani yakafika kilo 70,000. Kama yote yatatandazwa, kila mita ya mraba itabeba karibu kilo 39. Msimamizi wa zamu ana uamuzi wa kufanya: kuongeza unene, kuharakisha kuondoa majani ya kwanza kabla hayajanyauka, au kuacha mengine ndani ya mifuko. Kila njia ina hasara yake. Uamuzi huo hufanywa usiku, kwa maneno machache yanayosemwa kati ya feni zinazovuma, na aghalabu maneno hayo ni ya Kiswahili.

4. Gazeti na jani

Kabla ya kuingia katika maneno yenyewe, ulinganisho mmoja utasaidia kuonyesha mpaka wa dhana. Katika viwanda vikubwa vya kupiga chapa magazeti huko Ulaya, kuna tatizo linalofanana na la Kericho. Mashine ya kuchapa hutoa magazeti kwa kasi kubwa, na mashine za kuingiza kurasa za ziada na kufunga mafurushi haziendi kwa kasi hiyo hiyo. Magazeti nayo ni vitu bapa vinavyonyumbuka. Kampuni kama Ferag ya Uswisi zimejulikana kwa mitambo inayoyapanga magazeti yakilaliana kama vigae vya paa, kisha kuyaviringisha pamoja na ukanda kwenye gurudumu kubwa. Baadaye yanapohitajika, gurudumu huviringuliwa, nayo magazeti huendelea na safari yake.

Mambo mawili yanatofautisha gazeti na jani. La kwanza ni mpangilio. Gazeti la mwisho kuviringishwa ndilo la kwanza kuviringuliwa, wala hapana ubaya, kwa sababu nakala zote za toleo moja ni sawa. Katika chai, jani lililotangulia kufika sharti litangulie kutoka, la sivyo la juu litaondolewa likiwa bichi na la chini litabaki hadi liharibike. La pili, nalo ni kubwa zaidi, ni uhusiano wa kitu na wakati. Gazeti likikaa saa kumi juu ya gurudumu, hutoka kama lilivyoingia. Jani likikaa saa kumi juu ya wavu, hutoka likiwa kitu kingine. Kwa gazeti, wakati hauna kazi. Kwa jani, wakati ni mmojawapo wa mafundi.

Kutokana na ulinganisho huu, hatua za ukaaji wa muda katika kiwanda cha chai zaweza kugawanywa mafungu manne, kwa kufuata kile ambacho wakati hukifanyia kitu kilichowekwa.

Fungu la kwanza ni mifuko iliyotundikwa kwenye kulabu au iliyosalia garini. Hapa wakati ni hasara tupu, na kila dakika ipunguzwayo ni faida. Fungu la pili ni majani yaliyotandazwa juu ya wavu, ambayo kwayo wakati ni kazi: ukipungua, chai ni mbichi, ukizidi, chai imepoteza uhai. Fungu la tatu ni chai iliyopondwa juu ya mkanda wa polepole, ambapo wakati ni kipimo kikali kinachohesabiwa kwa dakika. Fungu la nne ni magunia ya chai kavu, ambayo wakati huyadhuru kidogo sana, ili mradi unyevu usiingie.

Neno moja, kuhifadhi, likitumiwa kwa mafungu yote manne, litakuwa sahihi kwa la nne peke yake.

5. Uchambuzi wa maneno

5.1 Ghala, hori na kichanja

Mtunga istilahi anayeanza na Kiingereza atakuta kwamba sanduku la kunyaushia huitwa kwa neno lile lile linalotumika kwa chombo cha kulishia au kunyweshea mifugo. Tafsiri ya moja kwa moja itampa neno hori. Neno hili ni la Kiswahili safi, nalo linaeleweka, lakini linabeba picha isiyofaa. Hori ni chombo cha kujazwa. Ng'ombe hulishwa vema hori ikijaa, na mtu akiambiwa ajaze hori hatauliza kipimo. Ghala nalo lina picha hiyo hiyo, na zaidi ya hapo humfanya mtu afikiri kwamba kilichomo kimetulia.

Kiswahili kina neno lingine, kichanja. Hili ni jukwaa la miti, fito au wavu lililoinuliwa juu ya ardhi, ambalo juu yake huanikwa samaki, nafaka, vyombo vilivyooshwa, na katika nchi za kahawa, kahawa yenyewe. Sifa za kichanja ni mbili: huinuliwa ili hewa ipite chini, na hutandazwa kitu juu yake kwa unene mdogo. Hizo ndizo sifa za chombo kinachoelezwa. Historia nayo inaliunga mkono neno hili. Kabla ya kuenea kwa masanduku ya feni, viwanda vya chai vilinyaushia majani katika ghorofa za juu, juu ya safu za vitambaa vya magunia au nyavu za waya, yakiwa yametandazwa membamba. Hivyo vilikuwa vichanja kwa kila hali. Sanduku la feni ni mwana wa kichanja hicho, lililoongezewa pumzi. Kwa hiyo istilahi kichanja cha kunyaushia, au kwa ufupi kichanja cha feni, inaeleza umbo, kazi na asili kwa mara moja.

5.2 Kuanika na kuanua

Wanaisimu wanajua vema jozi za vitenzi ambamo kitenzi cha kwanza huishia kwa -ika na cha pili kwa -ua, kwa maana ya kutenda na kutendua: funika na funua, bandika na bandua, pachika na pachua. Katika jozi hizo imo anika na anua. Kuanika ni kutandaza kitu ili kipoteze unyevu. Kuanua ni kukiondoa hapo kikiisha kufaa, au kukiwahi kabla hakijaharibika. Mama aliyeanika mtama akaona wingu hukimbilia kuanua.

Jozi hii inafaa kiwandani kuliko pakia na pakua, au jaza na toa, kwa sababu ndani yake imo hukumu ya wakati. Mtu hawezi kuanua bila kwanza kutazama kama kitu kimefikia hali iliyokusudiwa. Mnyaushaji wa chai naye hufanya hivyo hivyo: hutwaa konzi ya majani, huyafinya, huyaachilia, na kutazama kama yanabaki yameshikana kama tonge au yanafumka upesi, hulipinda bua na kuona kama linanyumbuka au linakatika. Kisha huamua kuanua au kungoja.

Pingamizi moja laweza kutolewa, kwamba kuanika kwa kawaida huhusu jua, na majani ya chai hunyaushwa kivulini. Pingamizi hili ni la haki, lakini halitoshi kuliangusha neno. Nguo huanikwa hata barazani siku ya mvua. Kiini cha kuanika ni kutandaza kwenye hewa. Jua ni mwenzi wake wa kawaida tu. Upanuzi wa maana wa kiasi hiki ni mdogo kuliko ule uliokwisha kukubaliwa katika istilahi nyingi za sayansi.

5.3 Kunyausha na kulimbika

Kiswahili hutofautisha vizuri njia za kitu kupoteza unyevu na nguvu. Kilichonyauka kimepoteza ukakamavu, lakini uhai wake haujaisha kabisa. Kilichosinyaa kimepungua umbo. Kilichokauka kimekwisha maji. Kilichotepeta kimelegea, hata kama maji hayajapungua. Kwa hatua inayozungumzwa, kunyausha, ambayo ni kauli ya kutendesha ya nyauka, ndilo neno linalofaa, na limekwisha kutumiwa katika maandishi ya kilimo.

Hata hivyo, sayansi ya chai inaonyesha kwamba juu ya kichanja hufanyika mambo mawili kwa wakati mmoja. Moja ni la kimaumbile: maji yanatoka, jani linalegea. Lingine ni la kikemia: protini za jani huvunjika na kutoa asidi za amino, kuta laini za seli huanza kupitisha vitu zaidi, na jani huandaliwa kwa mabadiliko yatakayofuata baada ya kupondwa. Jambo la kwanza laweza kuharakishwa kwa hewa vuguvugu. La pili halikubali haraka. Lataka saa zake. Watafiti wa Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya huko Kericho, hasa P. Okinda Owuor akishirikiana na Orchard, walichunguza njia ya kutenganisha mambo haya mawili. Katika njia hiyo, majani hukaa kwanza katika chombo kimoja kwa unene mkubwa, yakipata hewa ya kuyapoza tu, hadi mabadiliko ya kikemia yatimie. Kisha huhamishiwa mahali pa kupunguziwa maji kwa muda mfupi. Faida yake kwa kiwanda ni wazi, kwani nafasi inayohitajika hupungua.

Hapa ndipo lugha inapodaiwa. Mambo mawili yaliyokuwa yakifanyika mahali pamoja, na kuitwa kwa jina moja, sasa yamepata vyombo viwili. Kunyausha ni jina la haki la hatua ya pili. Hatua ya kwanza iitweje? Haiwezi kuitwa kuhifadhi, kwa sababu jani halihifadhiwi lisibadilike; linawekwa ili libadilike.

Neno linalopendekezwa ni kulimbika. Katika matumizi ya kawaida, kulimbika ni kuacha kitu kikusanyike kidogo kidogo, au kukiacha kitulie hadi kifae kutumiwa. Mchota maji aliyekuta kisima kimepungua hulimbika: hukaa kando, akayaacha maji yakusanyike hadi yajae kata. Ndani ya kitenzi hiki mna mambo matatu ambayo hayamo katika kuhifadhi: subira, ongezeko la polepole, na lengo la kutumia. Ndugu yake ni limbua, kuonja mazao mapya kwa mara ya kwanza, ambalo latukumbusha kwamba aliyelimbika hungoja siku ya kulimbua. Kutoka katika kulimbika zapatikana nomino bila taabu: ulimbikaji, kwa jina la tendo, limbiko, kwa majani yaliyowekwa, na kilimbikio, kwa chombo cha hatua ile ya kwanza.

Neno hili laweza kuvuka mipaka ya chai. Mahali popote ambapo wahandisi huweka kitu katikati ya mkondo wa kazi ili kusawazisha ufikaji na ulishaji, dhana ya kukusanya kidogo kidogo kwa matumizi ya karibu imo. Lile gurudumu la magazeti laweza kuitwa kilimbikio bila kosa, maana hapo sehemu ya ongezeko la polepole ndiyo inayotawala. Kinachotofautisha chai ni kwamba limbiko lake hupevuka.

5.4 Kichukuzi

Mtambo unaobeba vitu kwa mfululizo huitwa kazini kwa neno la mkopo, konveya, au huitwa mkanda. Neno mkanda linafaa pale ambapo kweli pana mkanda. Reli ya juu yenye kulabu haina mkanda wowote, na mtu akiambiwa asimame mbali na mkanda anaweza asidhani kwamba ameonywa kuhusu kulabu zinazopita kichwani pake. Neno la jumla linahitajika. Kitenzi chukua kimekwisha kutoa mchukuzi na uchukuzi. Kwa ngeli ya vyombo kitatoa kichukuzi. Kwa hiyo patakuwa na kichukuzi cha mkanda na kichukuzi cha kulabu. Pale ambapo konveya imekwisha kukaa midomoni hapana haja ya kuifukuza, mradi aina zake mbili zitenganishwe kwa namna hiyo hiyo.

6. Kosa lisilopaswa kurithiwa

Fungu la tatu, la chai iliyopondwa juu ya mkanda wa polepole, lina somo lake. Waingereza waliita hatua hii kwa neno lile lile walitumialo kwa pombe na kwa unga wa mkate, wakidhani kwamba ni mambo ya jamii moja. Baadaye ilijulikana kwamba hapana hamira wala bakteria wanaohusika. Ni vimeng'enya vya jani lenyewe vinavyokutana na hewa baada ya seli kupasuliwa, na kugeuza katekini kuwa viambata vingine, vikiwamo theaflavini na tearubigini, ambavyo huipa chai wekundu na ukali wake. Jina la Kiingereza lilibaki kwa mazoea.

Kiswahili kinapotafsiri jina hilo kuwa kuchachusha, hupokea kosa la zamani pamoja na mzigo mpya. Kilichochacha, kwa Mswahili, ni uji au mchuzi uliolala ukageuka. Mfanyakazi anayeambiwa kwamba chai inachachushwa hatashangaa akisikia harufu ya uchachu, ilhali harufu hiyo ni dalili ya mkanda mchafu ambao bakteria wameuvamia. Neno limemnyima dalili ya hatari.

Kuvundika, ambalo ni kuyafunika matunda ili yaive, lingekaribia, lakini lina kasoro mbili: chai haifunikwi, bali hupitishiwa hewa, tena neno lina undugu wa sauti na vunda, ambalo linanuka. Katika maabara, uoksidishaji ni neno sahihi na halina ubishi. Kwa matumizi ya kazini, kuivisha kwaweza kutosha, maana chai hugeuka rangi kama tunda, na muda wake hupimwa kama wa chungu kilicho jikoni.

Muda huo huwekwa kwa mwendo wa mkanda. Mkanda wenye urefu wa mita 20, ukitakiwa kuikalisha chai dakika 80, sharti usogee sentimita 25 kwa dakika. Hapa kuchukua na kuweka vimekuwa tendo moja. Kitu kinawekwa kwa kusogezwa polepole. Kwa hiyo jina kichukuzi cha kuivishia linakusanya pande zote mbili.

7. Maneno haya katika kazi

Yaweza kusemwa kwamba wafanyakazi wa Kericho wamefanya kazi miaka mingi bila istilahi hizi, na chai yao imenunuliwa. Ni kweli. Fundi mzoefu hujua kwa mkono wake asichokuwa na jina lake. Lakini mkono hauandiki tangazo, wala haumfundishi mgeni aliyeajiriwa jana.

Chukua maagizo mawili yaliyobandikwa ukutani. La kwanza lasema: Hifadhi majani hapa. La pili lasema: Anika majani hapa, unene usizidi sentimita 30, yaliyotangulia kuanikwa yatangulie kuanuliwa. Anayetii agizo la kwanza kwa uaminifu wote atajaza, atasawazisha juu, na kuondoka akiamini kwamba amemaliza kazi. Anayetii la pili anajua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Tofauti kati yao haitokani na bidii, imetokana na kitenzi.

Hasara ya kosa hilo haimwangukii msimamizi peke yake. Mkulima mdogo wa KTDA hulipwa kiasi kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha mwishoni mwa mwaka hupata malipo ya ziada, bonasi, ambayo hutegemea bei ya chai iliyouzwa. Majani aliyoyachuma kwa uangalifu, mawili na chipukizi, akayabeba hadi kituoni katika mvua, yaweza kupoteza thamani yake katika usiku mmoja wa kurundikwa. Hatajua ni usiku upi. Ataona tu karatasi ya malipo.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya pamoja na Kiingereza. Cheo hicho kina maana ndogo kama kinaishia katika sherehe na magazeti ya serikali. Mahali pa kukipima ni pale ambapo maisha ya watu hutegemea agizo kueleweka.

8. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kuweka majani ya chai kwa muda katikati ya mtambo si tendo moja, na kwamba tofauti kati ya aina za uwekaji huo zinatokana na kile ambacho wakati hukifanyia kitu. Yamependekeza kungoja kwa mifuko iliyo kwenye kulabu. Kuanika, kulimbika, kunyausha na kuanua kwa majani yaliyo kwenye kilimbikio na kichanja. Kuivisha kwa chai iliyo kwenye kichukuzi cha polepole. Na kuhifadhi kwa magunia ya chai kavu, ambayo peke yake yastahili ghala.

Funzo kwa watunga istilahi ni pana kuliko chai. Njia zinazotajwa kwa kawaida, yaani kukopa, kutohoa, kuunganisha na kutafsiri, huanza na neno la kigeni na kuuliza litaitwaje. Njia iliyofuatwa hapa imeanza na kazi yenyewe, ikauliza nani katika jamii ya Waswahili na majirani zao amekwisha kufanya kazi ya namna hiyo, hata kama ni kwa ungo na mkeka. Mara nyingi atapatikana, na mara nyingi atakuwa mwanamke aliye uani. Kazi iliyobaki ni ya kiwandani: maneno haya yapelekwe kwa wanyaushaji wa Litein na Kapkoros, yasemwe kwa sauti kubwa kati ya feni, na yale yatakayosikika vibaya au kuchanganya watu yaachwe bila huruma.